Bawaba iliyolegea kwenye miwani ya jua ya chuma ni nini hasa?

Geuza miwani yako ili lenzi zitazame sakafu, kisha kunja mkono mmoja wa miwani, kile kijiti kinachokaa juu ya sikio, nusu tu na uuache umesimama mshazari juu ya lenzi. Ukibaki pale ulipouacha, bawaba ni nzima. Ukiporomoka wenyewe juu ya lenzi, bawaba imelegea. Jaribio hili ni la sekunde tano, na linafaa lifanywe kabla mtu hajagusa bisibisi.

Bawaba, ambayo wengine huiita pata, ni kile kiungo kidogo kinachounganisha mkono wa miwani na fremu ya mbele. Ukiitazama kwa karibu utaona pete ndogo ndogo zilizopangwa kwa kupishana: mara nyingi mbili upande mmoja na moja upande wa pili, au tatu kwa mbili kwenye miwani iliyo imara zaidi. Katikati ya pete hizo hupita skrubu moja, ambayo kipenyo chake aghalabu ni kati ya milimita 1.2 na 1.6.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba skrubu hiyo haiumi kwenye pete zote. Ina meno ya kushika kwenye pete ya mwisho tu, ile ya chini. Pete za juu zina matundu laini, na skrubu hupita humo bila kushika kitu. Unapokaza, kichwa cha skrubu kinaivuta ile pete ya chini kwenda juu, na pete zote zinabanana ubavu kwa ubavu. Mbano huo ndio unaozaa msuguano, na msuguano ndio unaoufanya mkono utulie pale unapouacha. Kwa hiyo bawaba "iliyolegea" ni bawaba iliyopoteza msuguano wake. Kwa nini umepotea? Hapo ndipo tunapoachana na wale wanaokimbilia kukaza tu.

Sababu ya kawaida ni skrubu yenyewe kurudi nyuma. Kila ukifungua na kukunja mkono, pete zinazozunguka huburuta kichwa cha skrubu kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni. Siku nyingi za kufungua na kukunja zikijumlishwa, skrubu imeshapanda na kulegea. Kuivua miwani kwa mkono mmoja huharakisha mambo, kwa sababu mkono wa miwani wa upande ule huvutwa nje na bawaba hukunjwa kwa namna ambayo haikuundiwa. Jasho na chumvi ya bahari nazo huingia kwenye pete na kula chuma taratibu. Ili uwe na hakika, kodolea kichwa cha skrubu huku ukifungua mkono polepole. Ule mfuo wa bisibisi ukizunguka pamoja na mkono, umempata mhalifu.

Dawa yake ni rahisi, lakini inataka utulivu. Tandika kitambaa cheupe mezani, maana skrubu ya ukubwa huu ikidondoka sakafuni haionekani tena. Safisha bawaba kwa mswaki laini na maji yenye sabuni kidogo, kisha uikaushe vizuri. Ukikaza juu ya uchafu, uchafu huo utasagika na mlegeo utarudi. Tafuta bisibisi ambayo ncha yake inaujaza mfuo wote. Ncha nyembamba mno huteleza, na ikiteleza itachimba kichwa cha skrubu au, vibaya zaidi, itakwaruza lenzi. Saidia bawaba kwa kidole kutoka chini, zungusha kwenda kulia robo mzunguko, kisha rudia lile jaribio la mwanzo. Acha mara tu mkono unapotulia. Ninasisitiza hapo: bawaba iliyokazwa kupita kiasi hulazimishwa kila siku, na nguvu hiyo yote huishia pale bawaba ilipolehemiwa kwenye fremu. Kiungo hicho kikikatika, kazi ya dakika mbili imegeuka kuwa kazi ya fundi.

Ili skrubu isirudi tena, itoe kabisa, paka tone dogo la gundi maalumu ya kufungia skrubu, ile ya nguvu ndogo inayokubali kufunguliwa baadaye, kisha irudishe. Watu wengi hutumia rangi ya kucha isiyo na rangi, na kwa kweli inafanya kazi. Ila vimiminika vilivyomo kwenye rangi hiyo vinaweza kuzipasua lenzi za polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, kwa nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Ipake kwa ncha ya kijiti cha meno, kwenye meno ya skrubu tu, mbali na lenzi. Gundi kali ya papo kwa papo msiiguse kabisa: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye lenzi, na ikipenya kati ya pete, mkono haukunjiki tena.

Kuna mlegeo wa aina nyingine, ambapo unazungusha skrubu na inazunguka tu bila kufika mwisho. Huo ni mlegeo wa meno yaliyolika. Kuendelea kukaza ni kumalizia hayo machache yaliyobaki. Jaribu kwanza skrubu mpya ya kipenyo kilekile. Ikishindwa, tundu ndilo lililoharibika, na suluhisho ni skrubu ndefu zaidi inayopenya hadi chini na kufungwa kwa nati ndogo, kisha kipande kinachobaki hukatwa na kupigwa msasa ili kisichome shavu.

Mara nyingine skrubu imekaza vizuri lakini mkono bado unacheza juu na chini. Hapo pete zenyewe zimelika au zimepanuka, na nafasi iliyo kati yake huzibwa kwa washa, yaani kipete bapa chembamba. Kwenye bawaba za springi, zile ambazo mkono hupanuka nje kidogo na kurudi wenyewe, mkono usiporudi, fahamu kuwa springi imechoka. Bisibisi haina msaada, na kuifungua nyumbani mara nyingi ni kuirusha springi isikojulikana.

Usichanganye pia skrubu ya bawaba na ile inayofunga duara la lenzi, ambayo kwenye fremu nyingi ziko karibu sana. Hiyo ya pili ikilegea, lenzi ndiyo inayocheza, na ukiikaza kwa nguvu unaweza kuivunja lenzi ukingoni.

Na kama mkono unayumba pamoja na bawaba nzima, angalia pale ilipoungwa na fremu. Ufa mwembamba hapo maana yake lehemu imeachia. Fremu ya titani inapofika hatua hiyo haiungwi kwa kifaa cha kawaida cha kulehemu, kwa kuwa titani ikipashwa moto hushika oksijeni ya hewani na kuwa rahisi kuvunjika kama kigae. Huunganishwa kwa leza au ndani ya gesi ya agoni, inayoizuia hewa isiifikie, kwa fundi mwenye mashine hiyo.