Wati 600 za kwenye kibandiko, na uongo mwingine unaouza spea za kompyuta

Mteja akiniletea orodha ya spea anazotaka kununua ili aunge kompyuta yake ya mezani, macho yangu huenda kwanza mstari wa mwisho. Prosesa ameshaisoma mpaka ameikariri. Kadi ya grafiki ameilinganisha na nyingine zote. RAM anajua hadi rangi ya taa zake. Mstari wa mwisho sasa: "Pawa saplai: inakuja na kasha." Yaani kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa ule wa spea za ndani, kinachouzwa pamoja na boksi la mashine. Nikiuliza kwa nini, jibu ni lile lile, awe kijana wa gemu, mhariri wa video za harusi au mwanafunzi wa usanifu majengo anayetaka mashine ya kuchorea: "Fundi, hiyo ni wati 600, si inatosha?"

Haitoshi. Na mara nyingi hata hizo 600 hazimo.

"Wati zilizoandikwa ndizo zilizomo"

Achana na boksi, geuza pawa saplai yenyewe usome kibandiko chake. Kuna jedwali dogo lenye 3.3V, 5V na 12V, na chini ya kila moja idadi ya ampia. Prosesa na kadi ya grafiki, ambavyo ndivyo walaji wakubwa, vyote vinakula kwenye 12V. Kwa hiyo chukua ampia za 12V uzidishe kwa 12. Kwenye hizi za bure zinazokuja ndani ya kasha, 16 ni namba ya kawaida kabisa. 16 mara 12 ni 192. Hizo ndizo wati zako, tena tukiamini kwamba aliyechapa kibandiko alikuwa mkweli. Zilizobaki wamezipachika kwenye 3.3V na 5V, ambako mashine ya leo inachukua kidogo tu. Enzi ambazo prosesa ilikula kwenye 5V hesabu hiyo ilikuwa na mantiki. Enzi hizo zilikwisha Intel ilipoleta kiwango cha ATX12V mwaka 2000, wakati wa Pentium 4.

Sasa juu ya hizo wati 192 mteja anataka kuweka prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya grafiki ya RTX 3060. Kadi peke yake ni wati 170. Prosesa imeandikwa 65 lakini ikibanwa na kazi inapita 70. Ongeza mazabodi (bodi kuu inayobeba spea zote), diski na feni, unakaribia 300. Halafu kadi za kisasa zina tabia ya kuruka juu ghafla kwa muda mfupi sana, kisha zinarudi. Pawa saplai nzuri inavumilia miruko hiyo. Ya bure inazima mashine katikati ya gemu, au katikati ya kurenda (kutoa video iliyokamilika ya) harusi ya mtu, na mteja anakuja kuniambia Windows imeharibika. NVIDIA wenyewe wanapendekeza wati 550 kwa RTX 3060, na wanamaanisha 550 za kweli.

Ukitaka kuona wati za kweli zinafananaje, fungua Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, ile ndefu. Ndani kuna pawa saplai ya wati 290. Wateja huicheka. Lakini 290 hizo zipo, na mashine hizo zimefanya kazi maofisini Ulaya kwa miaka, zikapanda meli, na zikifika hapa zinawaka.

"Fundi mwenzako ameijaribu, inawaka"

Ameijaribu kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni ikazunguka. Basi. Kipimo hicho kinakuambia kwamba feni inazunguka. Hakikuambii 12V inashuka hadi ngapi mzigo ukiwa mkubwa, wala umeme unaotoka ni msafi kiasi gani, wala kama kinga zake zitakata siku nyaya zikigusana. Pawa saplai ya maana ina kinga dhidi ya volti kuzidi, mkondo kuzidi, nyaya kugusana na joto. Ya bure inapokufa haifi peke yake. Nimeshaona inaondoka na mazabodi na diski kwa mpigo, na kilichouma zaidi kwa mwenye mashine kilikuwa faili zilizokuwa kwenye ile diski.

Dalili ya haraka ya kuitambua ukiwa bado dukani: angalia nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme. Ukiona kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230, huo ni muundo wa zamani usio na sakiti ya kurekebisha mkondo unaoingia. Pawa saplai nyingi nzuri za sasa zinatambua volti zenyewe, kwa hiyo hazina kiswichi hicho. Na ukiwa nayo tayari, mwambie mtoto asikiguse. Kikisogezwa kwenye 115 hapa kwetu, ambako ukutani ni 230, kapasita, vile vikopo vinavyohifadhi chaji ndani yake, zinapasuka kwa mlio ambao jirani atausikia.

"Pawa saplai kubwa inamaliza LUKU"

Hii ndiyo inayonimaliza mimi. Mtu ana pesa, yuko tayari kununua, kisha anachukua ndogo kwa sababu shemeji yake kamwambia ya wati 750 inakula wati 750 muda wote. Haili hivyo. Wati zilizoandikwa ni uwezo wa juu kabisa. Inachovuta ukutani ni kile ambacho spea zinahitaji kwa wakati huo, pamoja na kinachopotea kama joto. Mashine yako ikihitaji wati 300, pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 85 itavuta kama wati 353. Hiyo ya bure, yenye asilimia 75, itavuta 400. Sasa niambie ipi inayokula LUKU.

Ila kuna upande wa pili wa jambo hili, ambao wauzaji wanaupenda: alama ya 80 PLUS. Alama hiyo ilianza mwaka 2004 na inapima ufanisi tu. Ina madaraja: Bronze ni asilimia 82 kwa mzigo mdogo na kwa mzigo kamili, 85 katikati. Gold ni 87, na 90 katikati, kwa vipimo vya volti 115. Inapimwa kwenye chumba cha nyuzi joto 23. Dar mwezi wa pili, mlango umefungwa na feni ya dari ndiyo pekee inayosukuma hewa, chumba chenye nyuzi 23 utakiota. Haisemi chochote kuhusu kinga wala umri wa kapasita. Kwa hiyo Gold ya kampuni usiyoijua isikufanye uikimbie Bronze ya kampuni inayotoa dhamana ya miaka mitano. Tafuta iliyoandikwa kwamba inatoa wati zake zote kwenye nyuzi 40 au 50, yenye kapasita za nyuzi 105. Ushauri wangu, na wateja wanaunung'unikia kila mara: toa pesa ya pawa saplai kwanza, iweke pembeni, ndipo ugawe inayobaki. Punguza kadi, punguza taa, nunua kasha la bei poa. Kadi utaibadilisha mwakani. Pawa saplai nzuri utahama nayo hadi mashine ijayo.

"Nina UPS, kwa hiyo yoyote inafaa"

UPS, kifaa cha betri kinachoshika mashine umeme ukikatika, kwa aina za kawaida tunazouza haitoi umeme wa betri papo hapo. Umeme ukikatika, zinachukua kama milisekunde 4 hadi 10 kuhamia betri. Katika mwanya huo mashine inaishi kwa chaji iliyo ndani ya kapasita kubwa ya pawa saplai. Mwongozo wa Intel unataka chaji hiyo ishikilie takriban milisekunde 17 kwa mzigo wa asilimia 80. Watengenezaji wa bei ya chini hubana gharama kwenye kapasita hiyo hiyo, maana ni ghali na haionekani. Matokeo yake mtu amenunua UPS, umeme ukicheza kidogo tu mashine inajizima na kuwaka upya, naye anarudi dukani kugombana na aliyemuuzia UPS. UPS haina kosa.

Na stebilaiza? Inasaidia volti zinapopanda na kushuka polepole. Haiongezi wati ndani ya pawa saplai.

"Nyaya za pawa saplai moja zinafaa kwenye nyingine"

Upande wa mazabodi na diski, kwa kawaida plagi zina kiwango kimoja. Upande wa pawa saplai yenyewe, kwa zile zenye nyaya za kuchomoa, hakuna kiwango. Kampuni mbili zinaweza kuwa na plagi inayoingia vizuri kabisa lakini pini zimepangwa tofauti, 12V ikaenda mahali pa 5V. Diski inakufa kabla hujaona hata nembo ya BIOS, programu ya mazabodi inayowaka kwanza. Ukibadilisha pawa saplai, badilisha na nyaya zake zote, hata kama za zamani umeshazipanga vizuri nyuma ya kasha na mgongo unakuuma.

Hayo ya umeme yametosha. Mengine nitayapitia harakaharaka.

"i7 ni i7." Hapana. Namba inayofuata ndiyo yenye habari. i7-4770 ni prosesa ya mwaka 2013, ina koa nne (viini vya kufanya kazi) na nyuzi nane (kazi inazoendesha kwa pamoja). i3-12100 ni ya 2022, nayo ina koa nne na nyuzi nane, na inaiacha mbali kila koa kwa koa. Isitoshe, hiyo ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa za Windows 11, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Anayekuuzia "Core i7" bila kutaja kizazi, muulize kizazi. Akikasirika, ondoka.

"Kadi ya GB nyingi ndiyo kali." GT 730 ya GB 4 bado inauzwa kwa maneno hayo. Kumbukumbu nyingi kwenye kadi dhaifu hazina pa kutumika. Hata jina moja linaweza kuficha vitu viwili: GT 1030 ilitoka yenye kumbukumbu ya aina ya GDDR5 na kasi ya GB 48 kwa sekunde, baadaye ikatoka ya DDR4 yenye chini ya GB 17, jina lile lile. Kuna na za bandia, kadi za zamani zilizobadilishwa BIOS zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Fungua GPU-Z, programu ya kusoma kadi, hapo hapo dukani kabla ya kulipa. Inazitambua na kukuandikia kuwa ni feki.

"Kipande kimoja cha RAM cha GB 16 ni sawa na viwili vya 8." Kwa ujazo, ndiyo. Kwa kasi, RAM ya DDR4-3200 kipande kimoja kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili 51.2. Kwa mwenye Ryzen 5 5600G anayetegemea grafiki za ndani ya prosesa, tofauti hiyo anaiona kwa macho. Viweke tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kisha ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM. Bila hivyo RAM uliyolipia 3200 inaweza kuwa inakimbia 2400, na hutajua.

"NVMe itaifanya mashine iruke." Ukitoka kwenye diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote (diski isiyo na kinachozunguka), utaona miujiza. Ukitoka SSD ya SATA, njia ya zamani ya megabaiti 550 kwa sekunde, kwenda NVMe, njia mpya ya 7,000, Windows itawaka karibu muda ule ule. Nunua NVMe kama unahamisha video kubwa, au kama bei zimelingana. Na tundu la M.2, lile bapa la mazabodi la kuchomekea SSD, ni umbo tu: mengine yanakubali SATA, mengine NVMe, soma kitabu cha mazabodi.

"Hapa kuna joto, lazima kupoza kwa maji." Maji hayashushi joto chini ya lile la chumbani. Kwa prosesa ya wati 65, feni ya kawaida inatosha na haina pampu ya kufa. Adui wa mashine zetu ni vumbi. Kasha lenye wavu mbele na chujio unalolipangusa kila baada ya wiki chache litakufaa kuliko kioo kizuri kilichoziba hewa.

"Nitanunua OptiPlex ya mtumba, nichomeke kadi yoyote." Tundu la kadi linatoa wati 75, na pawa saplai ya 9020 haiji na waya wa ziada wa kadi. Huwezi hata kuibadilisha kirahisi, maana mazabodi yake inatumia plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe badala ya pini 24 za kawaida. Ipo adapta, lakini ukifika hapo umeshaanza kuunga mashine mpya kwa njia ndefu. Chukua GTX 1650 isiyo na tundu la umeme wa ziada, kisha ulizia kama inaenea ndani ya kasha.

"Nimeunga kila kitu, feni zinazunguka, skrini nyeusi, kadi ni mbovu." Pengine prosesa yako ni ya Intel yenye herufi F mwishoni, au ni 5600 isiyo na G. Hizo hazina grafiki za ndani, kwa hiyo matundu ya picha ya mazabodi hayatoi kitu hata ukeshe. Kabla hujanipigia simu saa nne usiku, angalia waya wa HDMI umeuchomeka kwenye kadi au kwenye mazabodi.