Unene wa nepi sio unyonyaji, jamani

Wiki iliyopita nimeletewa tena shida ya nepi za kufua za watu wazima. Safari hii ni dada mmoja wa Mbagala anayemuuguza mama mkwe wake, bibi anavuja mkojo tangu apate kiharusi, pampasi za dukani zimewashinda (hesabu mwenyewe, nne kwa siku ni 120 kwa mwezi) basi akajibana akampa fundi hela amshonee nepi sita za kufua. Fundi wa watu kafanya alivyoagizwa. Flaneli tabaka kumi, katikati nailoni, zote zimepigwa cherehani zikawa kitu kimoja, nene kama kigodoro cha mtoto. Na bibi anavuja vilevile, mkojo unatokea mapajani.

Nikamuuliza, dada, hizi zinakauka baada ya siku ngapi? Akasema zinakauka tu, kesho yake. Nikaenda kwenye kamba nikashika moja iliyoanikwa juzi, nikaibana katikati kwa vidole viwili. Juu kavu kabisa, ndani baridi, na nilipoisogeza puani ile harufu ya kukata pumzi ikanipokea. Nikamwambia naye aishike. Alinyamaza muda mrefu kidogo, halafu akasema, kumbe ndio maana bibi anajikuna.

Kila mwezi nakutana na hii imani kwamba ukiongeza unene umeongeza kunyonya, na wanaoumia ni wazee ambao hata kusema wanaona aibu, kwa hiyo leo naandika yote.

Mtu mzima akikojoa kibofu kikijaa anatoa kama mililita 250 mpaka 400, zaidi ya glasi, na zinakuja kwa mkupuo. Kitambaa kinatakiwa kipokee haraka na kiwe kimegusa mwili. Nepi nene inakataa kujikunja kwenye mapaja, inaacha uwazi pembeni, mkojo unapita hapo kabla tabaka la tatu halijalowa, hayo saba ya chini hayajui hata kama kuna kazi. Na ukiweka nailoni katikati ndio basi, matabaka yaliyo chini yake umeyanunua bure kwa sababu hakuna kinachopita kuyafikia.

Halafu kuna kukauka, na hapa ndipo huwa napandisha sauti. Kitu kilichoshonwa tabaka kumi hakisuuziki vizuri katikati. Mkojo unabaki, bakteria wanaugeuza amonia, unavaa nepi "safi", joto la mwili linaamsha harufu, watu wanasema vitambaa vinanuka. Hapana. Kinachonuka ni ule mkojo wa juzi uliofungiwa ndani. Msimu wa masika ndio balaa kabisa, nguo inashinda kwenye kamba inarudi ndani na unyevu wake, na mgonjwa anavalishwa hivyohivyo maana hakuna nyingine.

Ninachofanya mimi ni kutenganisha. Ndani kitambaa cha kukunja, nje chupi au kifuniko kisichopitisha maji, visishonwe pamoja. Chukua taulo la kuogea la pamba, la mtumba linafaa sana kwa sababu limeshafuliwa mara nyingi, kama ni la sentimita 70 kwa 140 kata vipande vinne vya 35 kwa 70, pinda kingo zisichanike. Wakati wa kuvaa unakunja kati, halafu upana wake unaukunja sehemu tatu, umepata matabaka sita, upana kama 12 urefu 35. Ukifua unakikunjua, kwenye kamba ni tabaka moja tu, jua la nusu siku linatosha. Anayevuja sana vikunje viwili, kimoja kikae mbele zaidi kwa mwanaume. Juu yake kipande kimoja cha flizi nyembamba, ile ya blanketi za mitumba, inapitisha mkojo kwenda chini na yenyewe inabaki karibu kavu, ngozi inapumzika.

Mtu anayevuja akikohoa au akicheka tu hahitaji hayo yote! Hizo ni tone mbili tatu, pengine kijiko. Chupi ya pamba ya kumbana vizuri na matabaka matatu ya flaneli hapo katikati, imeisha, aende zake kazini.

Mikrofaiba, vile vitambaa vya kufutia magari, watu wanavipenda kwa sababu vinanyonya fasta. Kweli vinanyonya, ila mtu akikaa vikabanwa vinaachia maji yote, na vikigusa ngozi moja kwa moja vinaikausha. Viweke chini ya pamba au achana navyo.

Pamba mpya na khanga mpya zina wanga na mafuta, zifue mara nne tano kwanza. Dondoshea tone la maji, likisimama juu kama kwenye jani la yugwa bado. Na ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu nzuri, tafadhali, isiguse vitambaa hivi, inaacha utando maji yanateleza. Mafuta mazito ya kupaka nayo hivyohivyo, paka kidogo mno.

Kifuniko cha nje, cha PUL (kitambaa chenye utando wa plastiki usiopitisha maji) kama wanachotumia mafundi wa pedi za kufua ndio kizuri, hela ikikosekana nailoni ya mwamvuli inasaidia japo inatoa jasho. Kitandani tandika makintoshi, juu yake shuka lililokunjwa, asilalie mpira mtupu.

Kufua: suuza kwanza na maji baridi mpaka harufu iishe, ndipo sabuni. Jiki usimwagie kwenye kitambaa chenye mkojo wala usichanganye na siki, inatoa hewa ya sumu na vyumba vyetu vya kufulia ni vidogo. PUL na lastiki jiki inazila. Na piga pasi, hasa Pwani, kwa sababu wale nzi wa funza wanapenda kutaga kwenye nguo zenye unyevu na harufu ya mkojo, mayai yakianguliwa funza wanapenya kwenye ngozi, ni majipu yenye funza ndani. Pasi ya moto inayaua. PUL haivumilii pasi hiyo, taulo linavumilia, sababu nyingine ya kutoshona kitu kimoja.

Sasa niseme ukweli wangu kuhusu usiku. Tunafundishwa kumbadilisha mgonjwa kila akilowa, lakini huyo anayemuuguza naye ana watoto na alfajiri anakwenda sokoni. Nimewahi kusisitiza vitambaa saa 24, nikaona mtu anaugua kwa kukosa usingizi. Siku hizi nasema mchana kitambaa, usiku pampasi moja kama uwezo upo, na mgonjwa akiharisha tumia pampasi mpaka apone. Mwakani nitakuwa nasema hivyohivyo? Sina hakika, nimeshabadilika mara mbili.

Na kabla hujakata taulo, uliza kwa nini anavuja. Mzee anayedondosha muda wote huku tumbo la chini limejaa na kuuma, huyo mkojo umeziba, mara nyingi tezi dume, apelekwe hospitali leo. Mama aliyeanza kuvuja mfululizo baada ya uzazi mgumu inaweza kuwa fistula (tundu kati ya kibofu na uke), inatibika, hospitali ya CCBRT hapa Dar wamekuwa wakiitibu bila malipo. Asizoeshwe vitambaa.

Nikarudi kwa bibi Jumamosi. Zile nepi sita tulizifumua, flaneli ni nzuri tu, tumepata vipande vya kutosha kwa siku mbili na taulo moja la mtumba tumeongeza. Nilipomwamkia shikamoo alikuwa amekaa wima kwenye mkeka, hakuegemea upande, akaniuliza kama naweza kumkatia na vingine vya rangi nyeusi avae akienda msibani.