Mwambie mtu swali ambalo kesi yake itaamuliwa nalo

Kazi yangu ni kuandika upya fomu na hati za wito ili mtu asiye na wakili azielewe. Wengi hudhani kazi hiyo ni kuondoa maneno magumu tu. Maneno yana uzito wake, lakini nimeona watu wakisoma hati ya lugha nyepesi, wakaielewa, kisha wakasimama mbele ya hakimu bila kielelezo hata kimoja. Hawakuambiwa hakimu atataka kujua nini.

Kesi ya Turner dhidi ya Rogers, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2011, inaonyesha jambo hili vizuri. Baba mmoja wa South Carolina alifungwa miezi 12 kwa kutolipa matunzo ya mtoto. Hakuwa na wakili, wala mama wa mtoto hakuwa naye. Kifungo cha aina ile kilisimama juu ya swali moja: je, ana uwezo wa kulipa? Yeye alieleza habari za dawa za kulevya na mgongo ulioumia, akaomba radhi. Hakuna aliyemuuliza kipato chake, na jaji hakutamka lolote kuhusu uwezo huo. Mahakama ya Juu haikusema kwamba lazima apewe wakili. Ilitengua hukumu kwa kuwa hakuwa na wakili, na pia hakupewa kinga nyingine: kuarifiwa kwamba uwezo wake ndio kiini cha shauri, fomu ya kueleza hali yake ya fedha, nafasi ya kujibu, na tamko la wazi la jaji.

Fomu, basi, inaweza kumlinda mtu asifungwe. Ndiyo maana napinga fomu za madai ya deni zenye mistari mitupu chini ya maneno “Eleza utetezi wako”. Afadhali ziulize: Deni ni lako? Kiasi ni sahihi? Ulilipa mara ya mwisho lini? Swali hilo la mwisho ni muhimu sana, kwa sababu nchi nyingi zina ukomo wa muda wa kudai deni, ambao mara nyingi huweza kuhesabiwa tangu malipo ya mwisho, na mdaiwa asiyeujua hataugusa kabisa katika utetezi wake.

Makarani nao wasaidiwe. Wengi hunyamaza wakihofia kutoa ushauri wa kisheria, hata wanapoulizwa siku ya mwisho ya kujibu. Tarehe, ada, fomu inayotakiwa na jinsi ya kuufikishia upande wa pili wa kesi hati ni taarifa, na karani anaruhusiwa kuzitoa. Kama ukubali deni au ulipinge, hapo ndipo anyamaze.