Kiti cha Wassily hakikubuniwa kwa ajili ya Wassily

Wengi husimulia kwamba Marcel Breuer alimbunia mchoraji Wassily Kandinsky kile kiti maarufu cha mabomba ya chuma, ndiyo maana kikaitwa Wassily. Hadithi tamu, lakini imegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Breuer alianza kukiunda mwaka 1925, akiwa mwalimu wa karakana ya samani katika shule ya sanaa na ubunifu ya Bauhaus, mjini Dessau, Ujerumani. Kilichomchochea ni baiskeli yake: aliutazama usukani, akajiuliza, ikiwa chuma hupindwa hivi kikawa chepesi na imara, kwa nini kisipindwe kuwa kiti? Akasaidiwa na fundi bomba. (Si seremala, angalia!) Jina la awali la kiti lilikuwa kavu kabisa: B3.

Kandinsky, aliyefundisha hapohapo, alikipenda, naye Breuer akamtengenezea chake. Basi. Jina Wassily lilikuja miaka ya 1960, pale kampuni ya Gavina ya Italia ilipokitengeneza upya na kuisikia habari hiyo. Na ile ngozi nyeusi tuliyoizoea? Vya mwanzo vilifungwa kitambaa.