Sala ya mume na mke kabla ya kulala: utaratibu wake na mahali inapoharibika

Wanandoa wengi wanaokuja kwenye mafunzo ya ndoa hapa Moshi wanajua kwamba inafaa wasali pamoja. Wanachokosa ni utaratibu. Wiki ya kwanza baada ya harusi wanaanza kwa moto: nyimbo nne, sura nzima ya Isaya, maombi ya nusu saa. Mwezi wa tatu ukifika, kila mmoja anasali kivyake akiwa ameshajifunika shuka. Halafu manung'uniko yanaanza kuota. Jirani amejenga, sisi bado tunapanga. Shemeji amepanda Rombo Desemba na gari lake, sisi tumebanana kwenye basi.

Waebrania 13 imeyaweka mambo haya pamoja. Aya ya 4 inataka ndoa iheshimiwe na watu wote, aya ya 5 inaendelea palepale: "mwe radhi na vitu mlivyo navyo." Sioni kama yamekaribiana kwa bahati tu. Anayemtamani mke wa mtu na anayetamani gari la mtu wote wawili wanahesabu wasichonacho. Na Paulo alipowaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote, alikuwa kifungoni. Kwa hiyo kuridhika hufundishika, na mafunzo yake yanataka dakika 12 hadi 15 kila jioni, si zaidi.

Wanaodhani ufupi ni uvivu wakasome Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529. Sala yake ya jioni ni Kanuni ya Imani, Baba Yetu, na ombi fupi ukipenda. Kisha anakuambia ulale upesi kwa furaha. Mimi kwa wanandoa naongeza wimbo, Neno na shukrani.

Chagueni saa isiyogombaniwa. Nyumba nyingi hufaulu mara tu baada ya chakula, kabla ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku, watoto na dada wa kazi wakiwepo. Kisha mume na mke hubaki na sehemu yao fupi chumbani. Simu zibaki sebuleni. Imbeni beti mbili tu kutoka kitabu cha nyimbo cha Kilutheri, Tumwabudu Mungu Wetu. Mmoja asome aya 8 hivi, mwingine aseme sentensi moja au mbili juu ya alichokisikia, na kesho wabadilishane. Kitabu cha kuanzia ni Wafilipi: kina aya 104, kwa hiyo aya 8 kila jioni zinakimaliza kwa siku 13. Anayeanza na Zaburi moja kwa siku huenda vizuri mpaka afike ya 119, yenye aya 176, na hapo ndipo wengi huachia. Igaweni, ina mafungu 22 ya aya nane nane.

Shukrani ndiyo kiini, na ndiyo inayofanywa hovyo kuliko zote. Kila mmoja ataje mambo matatu ya siku ileile, na moja limhusu mwenzake. "Asante kwa mume wangu" haijasema kitu. "Asante kwamba leo maji yalipokatika alibeba ndoo tano kabla ya kwenda kazini" imesema. Luther, akifafanua lile ombi la riziki ya kila siku, alihesabu humo chakula, nguo, nyumba, shamba, mifugo, na mwenzi mwema pia. Haja zije baada ya shukrani, mbili au tatu zinatosha, kisha Baba Yetu kwa pamoja.

Sasa kinachoharibu. Cha kwanza ni kusali kwa vijembe. "Ee Bwana, mguse Baba Neema akumbuke kuwa ana nyumba." Hiyo si sala, ni kesi, na aliyeshtakiwa hawezi hata kujitetea kwa sababu macho yamefumbwa. Siku ya pili atasingizia uchovu. Kanuni ninayoifundisha ni hii: katika sala ya wawili hakuna kumwombea mwenzako abadilike, unamwombea afya, kazi, safari, wazazi wake. Lawama isemwe kwa mdomo, macho kwa macho, kabla ya wimbo. Waefeso 4:26 haitaki jua lichwe na uchungu ungali moyoni. Mkishindwa kuelewana usiku ule, someni Neno na Baba Yetu tu, shukrani ziache. Shukrani za kulazimishwa huzaa unafiki.

Cha pili ni kufunga na mikesha ya mtu mmoja. Mke au mume anatangaza siku 40 za mfungo, kila Ijumaa yuko mkeshani, na mwenzake anaambiwa asimguse mtumishi. 1 Wakorintho 7:5 imeweka masharti: mmepatana, ni kwa muda, ni kwa ajili ya kusali, kisha mnarudiana. Mfungo usiopatanwa hauna mahali pa kusimama hapo, hata ukiwa na nia njema kiasi gani.

Cha tatu ni ahadi za siri. Harambee ya jengo la kanisa imepamba moto, mtu anainua mkono na kuahidi kiasi ambacho ni ada ya mtoto ya Januari. Mwenzake anasikia kutoka kwa mzee wa kanisa. Huwezi kumfundisha mtu kuridhika na kidogo ambacho hajui ni kiasi gani. Jumamosi moja kila mwezi kaeni mezani na daftari: kilichoingia, sadaka na bahasha ya ahadi, ada, chakula, kikoba, michango ya harusi na misiba. Wekeni kikomo cha michango ya harusi. Kikijaa, atakayekuja mwezi huo aambiwe ukweli. (Watanuna. Kamati za harusi hazijawahi kukosa wa kununa.) Kikao hiki kifanyike mchana, mbali na sala ya usiku.

Kwa wanaoishi kwa kazi za kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro daftari lina uzito zaidi. Aprili na Mei, masika yakiwa yameshika, wageni hupungua na wapagazi hukaa nyumbani, kwa hiyo fedha ya Agosti ipangwe ikiijua Mei. Na anayepanda kwa njia ya Machame huwa mbali siku 6 au 7. Kabla hajaondoka, andikeni aya za siku zote kwenye karatasi mbili, kila mmoja na yake, msome saa ileile bila kutegemea mtandao.

Kuridhika hakumaanishi kuvumilia kipigo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakimpi yeyote haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, na mahali pa kwenda ni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, mchungaji baadaye. Anayemwambia mwanamke aliyepigwa "endelea kuomba tu" amekosea.

Nyumba za Mlutheri na Mkatoliki, ambazo huku ni nyingi, hukwama kwenye Baba Yetu. Mlutheri anasema "usitutie majaribuni", Mkatoliki "usitutie katika kishawishi". Mkatoliki anaishia "utuopoe maovuni", Mlutheri bado anaendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako". Pokezaneni: jioni ya mmoja isaliwe kwa maneno yake mpaka mwisho, na kesho yake ya mwingine.