Mama aliuliza wakaguzi walikuwa wapi

Kijana mmoja aliyemaliza shahada ya uzamili ya fizikia ameniandikia. Ameona tangazo la shirika la utetezi la Marekani linalotafuta mwanasayansi wa usalama wa nyuklia, siku za kuomba zimebaki 12, na anasita. "Kaka, hawa si wanaharakati? Si watanikabidhi bango?" Nilicheka, kwa kuwa nami nilijiuliza hivyo nilipoomba kazi ya aina hiyo mara ya kwanza, na jibu nililojipa liliniponza.

Bango halimo. Kazi yenyewe ni kusoma. Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani, NRC, huweka hadharani ripoti za ukaguzi na barua zake na kampuni za umeme, isipokuwa zile zinazogusa ulinzi au siri za biashara. Ni maelfu kwa maelfu ya kurasa. Kampuni ina wahandisi na mawakili wa kuzipekua. Mkazi wa jirani na mtambo hana mtu. Wewe ndiye unakuwa mtu wake. Ukikuta kasoro ambayo tume imeiacha, kanuni yake ya 2.206 inamruhusu mtu yeyote kuiomba ichukue hatua. Ombi la hasira litapokewa na kuwekwa kando. Lenye tarehe, namba ya ukurasa na maneno ya kampuni yenyewe linawapa kazi ya kujibu.

Utamaduni huu una miaka mingi. Shirika la wanasayansi la Union of Concerned Scientists lilianzia chuo kikuu cha MIT mwaka 1969, na miaka michache baadaye Henry Kendall, mwanafizikia aliyekuja kupata Nobel mwaka 1990, alikaa na mwenzake Daniel Ford kwenye vikao vya hadhara kuhusu mifumo ya dharura ya kupoza kiini cha rekta, yaani chombo cha mtambo kinachozalisha joto la nyuklia, wakiwabana wataalamu wa serikali kwa nyaraka za serikali. David Lochbaum alijiunga nalo mwaka 1996 akiwa ameshafanya kazi ya uhandisi wa nyuklia miaka 17. Baadaye NRC hiyohiyo aliyokuwa akiikosoa ilimwajiri kufundisha, kisha akarudi kwenye utetezi. Hapo utajua ni mkosoaji wa namna gani anayeheshimiwa.

Mimi sikulijua hilo. Barua yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili za machapisho na programu za kompyuta ninazozimudu, na katikati nikapachika sentensi kwamba "siku zote nimepinga nguvu za nyuklia". Uongo mtupu, nilidhani ndicho wanachotaka kusikia. Nilijibiwa mistari miwili ya asante. Leo nami nasoma barua za waombaji, na sentensi kama ile ndiyo inayonifanya niweke barua kando: mtu aliyefika na hukumu mfukoni atasoma ripoti ya nini?

Mara ya pili, shirika jingine lilinipa zoezi: chagua tukio moja, uandike ukurasa mmoja kwa msaidizi wa mbunge asiyejua fizikia. Nilichagua Davis-Besse, mtambo wa Ohio kando ya Ziwa Erie. Rasimu yangu ilianza na nyufa za aloi ya nikeli na ikaisha ukurasa wa tatu. Jioni nikampigia Mama, Tanga, nikajaribu kumsimulia kwa Kiswahili. Maneno ya kitaalamu yakaniishia dakika ya kwanza.

Nikamwambia: Mama, chukulia sufuria ya chuma yenye kifuniko kinene cha sentimita 17 hivi, na ndani presha takriban mara 150 ya hewa tunayovuta. Maji yake yana asidi ya boroni. Yamevuja kidogokidogo kwenye ufa, miaka, asidi ikala chuma cha kifuniko mpaka pakawa na shimo ungetia nanasi. Machi 2002 walipoligundua, kilichozuia yale maji ni bamba la ndani la chuma cha pua, chini ya sentimita moja.

"Na hawakuona dalili?"

Walikuwa nazo. Vichujio vya vipima mionzi vilikuwa vikiziba kwa kutu, vikibadilishwa kila baada ya siku chache. Picha ya mwaka 2000 inaonyesha kutu nyekundu imetiririka juu ya kifuniko.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na wakaguzi walikuwa wapi?"

Swali hilo halikuwemo kwenye kurasa zangu tatu. NRC ilikuwa imetaka mitambo iliyo hatarini zaidi ikaguliwe kabla ya mwisho wa Desemba 2001. Kampuni ikaomba muda, ikaruhusiwa kuendelea hadi 16 Februari 2002. Mkaguzi Mkuu wa tume yenyewe baadaye aliandika kwamba uamuzi huo ulisukumwa kwa kiasi kikubwa na nia ya kuipunguzia kampuni hasara. Nilifuta rasimu nzima, nikaanza na tarehe hizo mbili. Nyufa za aloi zikapata sentensi moja.

Kwenye usaili hawakuniuliza hesabu hata moja. Waliniuliza ni jambo gani watetezi hulikuza kupita kiasi. Nikasema: kwamba rekta inaweza kulipuka kama bomu la atomiki. Mafuta ya rekta za kawaida yamerutubishwa kwa asilimia 3 hadi 5 tu, yaani urani inayopasuka kirahisi ni kidogo mno kwa bomu, haiwezekani. Milipuko ya Fukushima mwaka 2011 ilikuwa ya haidrojeni. Mmoja wao akaandika kitu, nikapumua.

La viza, kwa kifupi: wengi hudhani kila shirika lisilo la faida limesamehewa ukomo wa H-1B, yaani idadi ya viza za kazi za wataalamu zinazotolewa kila mwaka. Vyuo vikuu na mashirika ya utafiti, ndiyo. Shirika la utetezi, usilichukulie hivyo. Uliza mapema, na uulize pia fedha zao zinatoka kwa nani. Mshahara ni mdogo kuliko wa mitamboni, hilo lijue kabla hujamwambia mkeo.

Na kama Marekani haitakuwa riziki yako, Uyombo kule Kilifi wakazi waliandamana mwaka 2024 kupinga mpango wa Kenya wa kujenga mtambo wa nyuklia kwao. Upande wowote utakaosimama, watu kama wale nao wanahitaji mtu wa kuwasomea karatasi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, wasifu wako nimeuona, unatosha. Barua usiiguse bado. Chagua tukio moja, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, umsomee mtu wa nyumbani, kisha nitumie pamoja na maswali aliyokuuliza. Ijumaa nipo.