Pikipiki za theluji: hp nyingi siyo kifo cha mapema cha injini

Ukitafuta pikipiki ya theluji (snowmobile) iliyotumika huko Minnesota, Quebec au Finland ya kaskazini, utaambiwa na kila mtu: chukua yenye nguvu ndogo, itadumu. Ushauri huo una chembe ya ukweli, ila umewafanya wengi waache mashine nzima na kununua mbovu. Injini hizi haziuawi na hp (nguvu za farasi) zilizoandikwa kwenye karatasi. Zinauawa na mtu anayezivuta mafuta zikiwa bado baridi, na petroli isiyofika ya kutosha kwenye silinda, na kukosa theluji ya kuzipoza, na miezi ya kiangazi ambayo hakuna anayezigusa. Tunazungumzia hasa injini za mipigo miwili (two-stroke), zile zinazochoma oili pamoja na petroli, kwa kuwa ndizo zenye ubishi mwingi.

Dhana: injini yenye hp nyingi inajikamua zaidi

Piga hesabu kwanza. Rotax 850 E-TEC, injini ya pikipiki za theluji za Ski-Doo, ina cc 849 na hutoa hp 165, yaani kama hp 194 kwa kila lita ya ujazo. Ndugu yake mdogo, 600R E-TEC, ana cc 599 na hp 125, ambazo ni karibu hp 208 kwa lita. Mdogo ndiye anayekamuliwa zaidi, na zote mbili hufikia kilele kwenye takriban mizunguko 8,000 kwa dakika. Anayeikwepa 850 kwa sababu "ina moto sana" na kuikimbilia 600 hajakwepa chochote.

Tena kuna suala la kazi. Injini ya hp 60 inayopozwa kwa feni, ikivuta sleji ya kuni kwa saa mbili huku eksileta ikiwa imebanwa hadi mwisho, inaumia kuliko ya hp 120 inayovuta mzigo uleule kwa nusu ya uwezo wake. Injini ndogo hudumu kwa mwendeshaji anayekwenda taratibu, na hapo sifa ni ya mwendeshaji.

Wasiwasi wa hp una haki yake mahali pamoja: nguvu iliyoongezwa mtaani. Tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, ikiwa ya kiwandani huja na injini na kompyuta iliyopangwa kwa ajili yake. 850 E-TEC Turbo ya mwaka 2020, kwa mfano, ililenga kubakiza hp 165 hadi mwinuko wa mita 2,400 hivi, mahali ambapo injini isiyo na tabo hupoteza karibu robo ya nguvu kwa uchache wa hewa. Haikamuliwi kuliko ile ya kawaida ikiwa usawa wa bahari. Tabo iliyofungwa gereji juu ya pistoni za kawaida ni habari nyingine. Kama muuzaji hana karatasi za kazi iliyofanyika, iache.

Dhana: ikishawaka na kunguruma, iko tayari

Hapa ndipo injini nyingi zinapofia, zenye hp 60 na zenye hp 165 bila ubaguzi.

Kati ya pistoni na ukuta wa silinda kuna nafasi ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiwasha kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri na kubana eksileta, pistoni hupokea moto moja kwa moja na kutanuka haraka. Silinda, iliyozungukwa na kulanti (maji ya kupoza injini) ya baridi, hubaki ilivyo. Nafasi inakwisha, pistoni inajam. Ukiifungua utaona michubuko minne iliyosimama wima kuizunguka pistoni, na fundi mzoefu akiiona hahitaji kuuliza ilikuwaje.

Dawa yake haina gharama. Washa, iache ingurume yenyewe kwa dakika chache, kisha nenda polepole mpaka kipimo cha kulanti kifike kama nyuzi 40. Kama haina kipimo, weka mkono kwenye bomba linalorudisha kulanti kwenye injini. Likiwa bado baridi, usikimbize.

Kuna sura ya pili ya tatizo hili ambayo hata wakongwe huisahau. Umesimama njiani nusu saa kunywa chai. Injini bado ina uvuguvugu, lakini kulanti iliyoko nyuma, chini ya kiti, imeshapoa kabisa. Ukiondoka kwa kasi thamostati, valvu inayoruhusu kulanti kupita, hufunguka ghafla, kulanti hiyo ya baridi hupiga silinda zenye moto, nazo husinyaa juu ya pistoni iliyotanuka. Baada ya kila mapumziko marefu, anza upya kwa upole.

Dhana: palipo na baridi kali injini haiwezi kuchemka

Mashine nyingi zinazopozwa kwa kulanti hazina rejeta yenye feni kama ya gari. Rejeta zake zimelala chini ya bodi, juu ya treki, ule mpira mpana wenye meno, na hupozwa na theluji ambayo treki huirusha juu. Ukipita juu ya ziwa lililoganda au njia iliyoshindiliwa hadi kuwa barafu, hakuna theluji inayoruka. Kipimo kinapanda hata kukiwa na nyuzi 25 chini ya sifuri, na plastiki za reli ambazo treki huteleza juu yake huanza kuyeyuka. Funga vyuma vya kukwangua barafu pande zote mbili, na uvishushe kabla taa haijawaka. Baadhi ya aina huvunjika ukirudi nyuma, kwa hiyo vinyanyue kwanza. Usipokuwa navyo, ingia kando kwenye theluji laini kila kipimo kinapoanza kupanda.

Dhana: ukiongeza oili kwenye petroli unailinda injini

Kwenye injini ya kabureta, kila tone la oili linalopita kwenye jeti, tundu dogo la kupitishia petroli, limechukua nafasi ya petroli. Hewa ni ileile, petroli imepungua, moto ndani ya silinda unapanda. Ulitaka kinga, ukapata pistoni iliyotoboka. Oili ya ziada pia huacha masizi yanayogandisha ringi na valvu za ekzosi, na valvu hizo zikigoma kufunguka, mashine haifiki mizunguko yake ya juu na mwenyewe hudhani injini imechoka. Kama pampu ya oili inafanya kazi na kebo yake imepangwa sawasawa kwenye alama, iachie kazi yake. Kwenye mashine za zamani zenye pampu, lita 40 hadi 50 za petroli huenda na takriban lita moja ya oili. Ukimaliza tanki zima na oili haijashuka hata kidogo, simama hapo hapo. Isipokuwa kitabu cha mashine kinaagiza vinginevyo wakati wa kuzoesha injini mpya, usichanganye.

Na oili ya boti siyo ileile. TC-W3 imeundwa kwa injini za boti zinazopozwa kwa maji na zinazofanya kazi kwenye joto dogo zaidi. Kwenye theluji unahitaji oili inayotiririka hata kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri na isiyochafua valvu.

Dhana: petroli ya okteni ya juu huongeza nguvu

Haiongezi. Kazi yake ni kuzuia petroli kulipuka ovyo kabla moto wa plagi haujaifikia, mlipuko unaomomonyoa kingo za pistoni. Weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu, ila angalia namba: 91 ya pampu za Marekani na Kanada ni karibu sawa na 95 ya Ulaya, kwa sababu vipimo vyenyewe ni tofauti. Mtu wa Norway anayesoma kitabu cha Kimarekani na kutafuta petroli ya 91 ya kipimo cha Ulaya anaweka petroli hafifu kuliko inayotakiwa.

Dhana: yenye kilomita chache ndiyo salama

Mashine ya miaka kumi yenye kilomita 1,500 imekaa sana kuliko ilivyotembea, na kukaa kunaiua polepole. Unyevu huingia ndani na kuacha kutu kwenye beringi za krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Sili hukauka. Petroli yenye ethanoli hunyonya maji, na ikioza huziba jeti ndogo za kabureta. Mashine huwaka vizuri, kisha hutoboa pistoni wiki ya kwanza kwa kukosa petroli. Panya hujenga viota kwenye boksi la hewa.

Kwa hiyo pima, usisome kilomita peke yake. Pasha injini moto, toa plagi zote, kata umeme wa plagi, bana eksileta hadi mwisho, kisha vuta kamba mara tano au sita huku geji ya kompresheni ikiwa kwenye silinda moja. Rudia kwa nyingine. Namba yenyewe hubadilika kulingana na mwinuko. Linalotazamwa ni tofauti, ambayo isizidi asilimia 10. Kipimo cha pili ni muhimu zaidi na wengi hukiruka: ziba midomo ya hewa na ya ekzosi, jaza upepo wa psi 6, usubiri. Ikishuka zaidi ya psi moja kwa dakika, paka maji ya sabuni utafute povu. Sili ya krenki inayovuja hunyonya hewa ya ziada, na hakuna kabureta inayoweza kulisahihisha hilo.

Kabla ya kuihifadhi kwa kiangazi, weka dawa ya kutunza petroli, iendeshe dakika kadhaa ifike kwenye kabureta, kisha puliza oili ya kuhifadhia injini kwenye njia ya hewa. Injini za E-TEC zina utaratibu wao wa kujipaka oili, fuata kitabu.

Dhana: injini ya mipigo minne haifi

Ni kweli huenda mbali zaidi bila kufunguliwa. Yamaha RX-1 ya mwaka 2003, yenye injini ya cc 998 iliyotokana na pikipiki ya R1, ilipita mizunguko 10,000 kwa dakika na bado ikajijengea jina la uimara. Lakini ni nzito, inataka kubadilishwa oili, na ikinoki gharama yake huzidi kwa mbali pistoni na ringi za mipigo miwili. Tena Yamaha ilitangaza mwaka 2023 kujitoa kwenye biashara hii, kwa hiyo ulizia vipuri kwanza.

Dhana: mashine kali hukwama njiani kwa sababu ya injini

Mara nyingi ni beliti, mkanda wa mpira unaopeleka nguvu ya injini kwenye treki kupitia klachi mbili. hp nyingi huipa beliti kazi kubwa, lakini inakatika kwa sababu klachi mbili haziko kwenye mstari, au raba za kushikilia injini zimelegea, au mashine imezama na mtu anaendelea kubana eksileta huku treki haizunguki. Ukizama, chimba kwanza. Beliti mpya ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikaushe, kisha iende kilomita 50 za mwanzo bila kubana eksileta hadi mwisho. Ya akiba nayo ifanyie hivyohivyo kabla ya kuirudisha kwenye begi, na uichore mshale wa upande iliokuwa ikizungukia.